Masharti ya Kopo la Kimea

Nyumba namba 14, Barabara ya Mfereji
Stone, Staffordshire
9 Februari 1976

Lorraine wewe,

Kopo limefika, na ndoo, na ule mpira wa kunyonyea, na kile kijiti cha kioo kinachoelea. Tarishi aliuliza kama nimeanza kufuga kuku. Nikamwambia mjukuu wangu ananitakia siku njema ya kuzaliwa, wako anakutumia nini? Akaondoka.

Anayeandika si Bi. Hulme, utaona mwandiko. Amehamia kwa mwanawe pwani, sasa sina wa kuniandikia wala kunisomea. Huyu ni Wilf Bagnall wa namba tisa, ng'ambo ya barabara. Alikuwa mkata ngozi kiwanda cha viatu, amestaafu, mgane miaka saba. Mwandiko wake mzuri kuliko kofia yake. Andika, Wilf. Nilikwambia uandike kila neno litokalo, si unayoyapenda.

Umefanya vizuri kunikumbuka. Baa ya pale kwenye lango la maji wametoa mapipa ya mbao, wameleta ya chuma, bia inasukumwa na gesi. Glasi moja tu unapiga mbweu mpaka Jumatano. Nataka bia chungu ya zamani, iliyotulia, ambayo ukimeza inabaki kidogo nyuma ya ulimi.

Basi tumepika. Nani alijua bia inauzwa duka la dawa, ndani ya kopo? Ule uji wa kimea ni mweusi, mzito kama lami ya kuzibia boti. Nilichemsha kopo kwenye maji ya moto kwanza ili ulegee, nikaumwaga kwenye sufuria na sukari, Wilf anasoma, mimi nafanya. Nyumba ikanuka mkate na nyasi mbichi. Tukamwaga kwenye ndoo, tukajaza maji baridi mpaka galoni tano, yalipokuwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto nikanyunyizia hamira.

Nilimfanya Wilf asome karatasi ya kopo mara mbili, juu mpaka chini. Unanijua mimi na karatasi. Nilizaliwa kwenye boti ya makaa, boti haisimami mahali ikasubiri mtoto amalize shule. Na unajua boti yetu ilivyokwenda. Karani wa kampuni alitusomea karatasi mimi na babu yako, akasema ni ya kukarabati chini ya boti, tukatia alama ya msalaba kila mmoja, kumbe tumeitoa boti yenyewe. Baba yako alikuwa na miezi minne. Tangu siku hiyo mtu akinisomea kitu namtazama mdomo.

Masharti ya kopo ni mengi kuliko ya kanisa. Wilf anakuja kila jioni saa kumi na mbili kamili kuyafuatilia. Amejitolea, siwezi kumlaumu.

Kula. Ulikuwa umekonda kwenye ile picha.

Bibi yako,
X (alama ya Keziah Tolley)


Kambi ya wajenzi, Sullom Voe
Shetland
20 Februari 1976

Bibi mpendwa,

Hapa upepo unatoa milango bawabani. Wiki hii nimewapikia wanaume mia mbili na kumi, na wote wanadai viazi vyangu si kama vya mama zao. Nimewajibu warudi kwa mama zao.

Mimi na Morag wa chumba cha pili tumenunua kopo kama lako lile lile. Ndoo yetu iko karibu na bomba la maji ya moto, tumeifunika, tumeisahau. Tutalinganisha ya nani nzuri.

Huyo Bwana Bagnall ni nani hasa? Baba aliwahi kumtaja? Bwana Bagnall, kama unasoma hapa, na najua unasoma, soma polepole. Bibi hapendi kuharakishwa, na ukimharakisha atakuambia.

Ningekupigia simu lakini najua kibanda cha simu unakichukia.

Wako,
Lorraine


Namba 14
2 Machi 1976

Lorraine, mtoto wangu,

Bia imeharibika. Nasema mapema usije ukasoma ukingoja raha. Ni siki tupu, ya kuwekea vitunguu. Jana tuliibeba ndoo, mimi upande huu, Wilf upande ule, tukaimwaga kwenye tundu la maji uani, galoni tano nzima. Paka wa jirani alikuja kunusa akarudi nyuma kama amepigwa.

Na tulifuata kila sharti! Karatasi inasema kila jioni saa kumi na mbili kifuniko kifunuliwe. Tulifunua. Inasema ikorogwe kwa kijiko cha mbao mara ishirini. Nilikoroga. Inasema ionjwe na watu wawili, mmoja wa nyumba hiyo na mmoja wa nyumba nyingine, kwa sababu ulimi wa mwenye nyumba hujipendelea. Tulionja. Inasema waonjaji wakae, wasiwe na haraka. Tulikaa. Majuma matatu, hapa jikoni, na chapati za unga wa oti na jibini, mpaka saa mbili. Nimemsikia Wilf akisimulia kiwanda kizima cha viatu, mashine moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo kosa ni langu. Sijui ni mikono au ni kichwa. Naambiwa watu waliosoma wanapika hii huku wanatazama televisheni. Nilimwambia Wilf jana pale uani, bia inamjua ambaye hakwenda shule. Akanyamaza. Hata sasa amenyamaza. Andika kwamba umenyamaza.

Nimenunua kopo la pili leo asubuhi. Yeye alisema labda tuache kidogo. Nikamwambia hanijui. Limeshaingia ndooni.

Kuna jambo jingine, Lorraine. Limetokea jana hiyo hiyo uani, baada ya kumwaga. Nataka sana unishauri, maana sijalala vizuri. Lakini siwezi kulisema hapa, kwa kuwa aliyelifanya ndiye aliyeshika kalamu. Andika hivyo hivyo, Wilf. Usinitazame, tazama karatasi.

Nifikirie.

X (alama ya Keziah Tolley)

Nimenyamaza, kweli. Pia ameniambia nitoke nje dakika tano ili aseme faraghani, kisha akakumbuka kwamba nikitoka hakuna wa kuandika. W.B.


Sullom Voe
15 Machi 1976

Bibi,

Sehemu ya kwanza ya barua hii si yako, ingawa imekuja kwako.

Bwana Bagnall. Wewe ndiye utakayesoma hii kwa sauti. Isome yote. Nina karatasi ya kopo hilo hilo mbele yangu, na nainakili hapa neno kwa neno: "Nyunyizia hamira. Funika. Usifunue mpaka mapovu yaishe, siku tano hadi saba. Pima. Kipimo kikikaa palepale siku mbili, tia kwenye chupa na nusu kijiko cha chai cha sukari kila chupa." Basi. Hakuna saa kumi na mbili. Hakuna watu wawili. Hakuna kukoroga mara ishirini. Bia ile iliharibika kwa kuwa ilifunuliwa kila siku, na aliyesema ifunuliwe ni wewe.

Wewe ni mwongo na mnyonyaji. Umekaa jikoni kwake majuma matatu ukila jibini lake. Bibi yangu hajui hata herufi moja, kumdanganya ni rahisi kama kumdanganya mtoto mchanga, na wewe umeliona hilo ukalitumia. Halafu ukamwacha ajilaumu.

Sijui umemfanya nini pale uani mpaka halali. Lakini ukimgusa tena nitapanda meli siku hiyo hiyo, na nitakuja na watu wa hapa wanaobeba mabomba ya chuma begani.

Bibi, usimfungulie mlango.

Lorraine


Namba 9, Barabara ya Mfereji
Stone
20 Machi 1976

Bi. Lorraine,

Hujaniomba nikuandikie. Naandika kwa kuwa yeye hana wa kumwandikia sasa, na utakuwa na wasiwasi.

Barua yako alinipa jana saa kumi na mbili jikoni kwake, bahasha haijafunguliwa, na birika tayari motoni. Niliona mstari wa kwanza. Sitakudanganya: niliwaza kumsomea habari za hali ya hewa ya Shetland. Ningeweza. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nilisoma. Nilisoma kila neno lililonihusu, kwa sauti, polepole kama ulivyonielekeza kwenye barua yako ya kwanza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akachukua karatasi ya kopo juu ya kabati, akailaza mezani, akasema, "Weka kidole pale palipoandikwa saa kumi na mbili."

Nikasema, "Hakuna mahali, Keziah."

"Pa watu wawili?"

"Hakuna."

Akanipa kofia yangu. Hakufunga mlango kwa kishindo. Ningependa angefunga kwa kishindo.

Nilianza siku ya kwanza kwa mzaha. Nilisema karatasi inataka nije kesho, nikidhani atacheka na kuniita mjinga. Hakucheka, aliamini, na kesho yake nikaja. Ilipokuwa wiki moja sikujua tena pa kurudia. Kuhusu uani: tulipoimwaga ile bia akasema kosa ni lake, nikafungua mdomo nikiri. Badala ya kukiri nikamwomba anioe, au mimi nimwoe, sikumbuki nilivyolipanga. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Sikumgusa. Nilikuwa nimeshika ndoo.

Huna haja ya kupanda meli kwa ajili hiyo, lakini kila ulichoandika juu yangu ni haki.

Wilfred Bagnall


Duka la dawa, Barabara Kuu
Stone
27 Machi 1976

Lorraine,

Anayeandika ni Bi. Ilsley wa dukani. Nyuma yangu wamesimama watu watatu na mmoja ana kikohozi, kwa hiyo nasema mbio.

Nimemfukuza. Si kwa sababu ya bia. Bia ni maji na kimea. Nimemfukuza kwa sababu alikaa na karatasi mkononi akaniambia kimeandikwa kisichoandikwa. Wa kwanza aliyenifanyia hivyo alichukua boti. Huyu hakuchukua kitu, ila siku kadhaa, na nilizipenda siku zenyewe, ndipo hasira inapozidi.

Na wewe pia. Tulia, mama, na wewe kikohozi chako tulia, nazungumza na mjukuu wangu. Wewe pia, Lorraine. Ulipitisha maneno juu ya kichwa changu kama watu wazima wanavyoongea juu ya meza aliyokaa mtoto. Najua ulinitetea. Lakini aliyekaa pale kuyasikia ni mimi, kutoka kwenye mdomo wa mtu mwenyewe. Ungekuja.

Ndoo ya pili nimeimwaga peke yangu, kwa jagi.

Kila Jumanne kuna darasa la watu wazima la kusoma, ghorofa ya juu ya maktaba. Bi. Ilsley ameniandikia anwani kwenye karatasi, kisha tukatazamana, tukacheka mpaka mwenye kikohozi akacheka. Ameniandikia! Basi amenieleza kwa mdomo.

Usiniandikie. Sitaki tena barua yako isomwe na mtu. Nitakuandikia mimi.

X
(Keziah Tolley. Mimi ni P. Ilsley. Yuko salama, ana rangi nzuri.)


Sullom Voe
4 Aprili 1976

Bwana Bagnall,

Nilidhani umemtisha. Nilikosea hapo, na naomba radhi kwa yale mabomba ya chuma. Kwa mengine siombi.

Amenikataza kumwandikia. Unamwona?

Lorraine Tolley


Namba 9
12 Aprili 1976

Bi. Lorraine,

Namwona Jumanne. Anatoka saa nne kasorobo na mfuko wa ngozi wa baba yako, aliokuwa akienda nao shule. Maktaba iko upande wangu, lakini akikaribia nyumba yangu anavuka kurudi upande wake, akishaipita anavuka tena, kwa hiyo anavuka mara mbili bure.

Jumanne iliyopita alisimama mbele ya ubao wa tangazo la mchinjaji, midomo ikicheza. Alisimama mpaka mchinjaji akatoka kumuuliza anataka nini. Akamwambia, "Nataka uandike herufi kubwa zaidi."

Sipiti upande wake. Ningependa kukuambia zaidi lakini sina.

W. Bagnall


Namba 14
2 Julai 1976

Lorraine

Hii ni mimi. Hakuna mtu hapa.
Joto ni kali. Mvua hakuna. Mfereji umeshuka, boti zimekaa matopeni.
Naweza kusoma kopo la chai na kopo la samaki. Gazeti bado.
Neno hamira nimeliandika mara tatu ndipo likakubali.
Mwalimu ana miaka ishirini na sita. Namwambia ale.
Mkono unauma. Nimetumia saa moja na nusu.
Sasa unaweza kuandika. Herufi kubwa.

Keziah Tolley


Sullom Voe
11 Julai 1976

BIBI,

NIMELIA JIKONI. WANAUME WAMEDHANI NI VITUNGUU.

BIA YETU ILIKUWA SAFI LAKINI MORAG ALIKUNYWA CHUPA SITA AKAMWIMBIA MENEJA.

BWANA BAGNALL AMENIELEZA LILE LA UANI. UTAMJIBU NINI?

NAKUPENDA SANA.

LORRAINE


Namba 14
17 Oktoba 1976

Lorraine,

Barua hii ni ndefu. Nimeiandika siku nne, kidogo kidogo, na makosa yaliyomo ni yangu. Mwalimu aliomba kuyaona nikakataa.

Kwanza bia. Mvua ziliporudi Septemba nilikwenda kwa Bi. Ilsley nikachukua kopo la tatu. Alitaka kunisomea karatasi, nikamwambia aiweke mfukoni mwangu aniache. Nilisoma mwenyewe hapa mezani, kwa kidole. Ni fupi! Kweli ni fupi kama ulivyosema. Neno lililonichoma ni moja. "Funika." Nilifunika. Nikaifungia kwenye kabati la tangi la maji ya moto, nikawa naipita siku nzima nikiisikia inasema peke yake mle ndani, pwi, pwi, na sikuigusa. Siku ya saba ikanyamaza. Nikatumbukiza kijiti cha kioo, nikasoma namba, kesho yake nikasoma tena, imekaa palepale. Nikatia kwenye chupa arobaini. Juma lililopita nilifungua ya kwanza. Iko wazi kama chai, rangi ya ngozi ya kiatu, povu jembamba, na ule uchungu unabaki nyuma ya ulimi unapotakiwa kubaki. Nilikunywa nimesimama. Sikuwa na wa kumwambia, nikaiambia chupa, nimekupika mimi.

Sasa la pili, na hili ukae chini.

Barua yako ya Machi, ile ya mabomba, niliiweka. Sikujifunza kusoma kwa ajili ya kopo, Lorraine. Nilijifunza kwa ajili ya barua ile. Nilitaka kujua kama siku ile alinisomea yote, au kama alinidanganya hata akiwa anaungama. Nilisema nikikuta ameruka hata neno moja la kumhusu, basi, namba tisa kwangu ni ukuta.

Mimi sikwenda shule lakini sisahau. Botini hatukuwa na daftari. Kila daraja, kila lango la maji, kila mwamba ulio chini ya maji tangu hapa mpaka bandarini ulikaa kichwani, na ukiusahau unazama. Kila neno alilosoma Wilf siku ile lilikuwa bado kichwani mwangu, limekaa kwa mpangilio. Nilianza Agosti. Nilikwenda neno kwa neno, la kwenye karatasi na la kichwani, kama mtu anayepanga soksi mbili mbili.

Mwongo. Alisoma. Mnyonyaji. Alisoma, na alilisoma vizuri, hakulimung'unya. Jibini langu, alisoma. Majuma matatu, alisoma. Halafu nikafika mahali karatasi ina maneno na kichwa changu kina ukimya.

Nikadhani sijui kusoma vizuri. Nikarudia mara nne. Nikaenda dirishani kwenye mwanga.

Bibi yangu hajui hata herufi moja. Kumdanganya ni rahisi kama kumdanganya mtoto mchanga.

Uliandika hivyo. Usikatae, mwandiko wako sasa naujua. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa na karatasi ile mapajani mpaka giza likaingia. Nimekulea tangu una miaka sita. Nimekusamehe kabla sijamaliza kuisoma mara ya nne, kwa hiyo usianze kulia huko ukachoma viazi vya watu. Lakini usiniite hivyo tena, hata ukiwa unanipigania. Hasa ukiwa unanipigania.

Nikawaza. Huyu mtu alikuwa amekamatwa. Yale yote ya kumvua nguo aliyasoma, hakuruka hata moja, akijua nikisikia namtoa nje. Aliruka la kunivua mimi. Hapo ana karatasi mkononi, mimi namtazama mdomo, na bado akapata nafasi ya kudanganya tena, na mara hiyo hakupata kitu chochote.

Nilishindwa kuamua kama nimkasirikie zaidi au nimkasirikie kidogo. Basi nikavuka barabara. Nilivuka mara moja.

Alifungua akiwa na aproni. Nikamwambia, "Uliruka mstari."

"Mstari gani?"

"Wilf, usinifanye mjinga. Ukurasa wa pili, katikati."

Akashika kitasa cha mlango kama kinataka kuondoka. "Ule haukuwa unanihusu mimi."

"Ulinihusu mimi. Ulikuwa wangu kuusikia."

"Ndiyo."

"Ungeusoma leo?"

Ungemwona anavyofikiri. Uso mzima unakunjamana, kama anakata ngozi ya bei. Birika lilianza kupiga filimbi ndani na hakwenda. Mwishowe akasema, "Hapana, Keziah. Ningeuruka tena. Unaweza kuniondoa hapa mlangoni ukitaka, ila ni mlango wangu."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Sikupanga kucheka.

"Basi ni vizuri nimejifunza," nikamwambia. "Sasa wewe ruka unavyotaka. Mimi nitapita nyuma yako nikiokota."

Akaniuliza ningependa chai. Nikasema sitaki chai, nina chupa thelathini na tisa za bia chungu kabatini kwangu, nitakunywaje chai? Akaanza kuvua aproni. Nikamwambia ngoja, sijakukaribisha bado.

Ndipo akauliza. Alikuwa mwekundu kama tofali. "Lile swali langu la mwezi wa tatu, pale uani. Lile lilikuwa swali la kweli. Sikulisoma kwenye karatasi yoyote, nililitoa moyoni mwenyewe."

Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi.

Nilirudi nyumbani, nikachukua karatasi nzuri, ile uliyonitumia yenye maua pembeni. Iliniharibikia mara mbili. Ya tatu ikakubali. Nikaikunja, nikavuka, nikaitumbukiza kwenye tundu la barua la mlango wake, nikaondoka haraka kwa umri wangu.

Sikwambii nilichoandika. Usiudhike. Kila kitu nilichowahi kumwambia mtu aliye mbali, tangu nizaliwe, kilipita kwanza mdomoni mwa mtu mwingine au mkononi mwa mtu mwingine. Barua nilizomwandikia babu yako akiwa vitani ziliandikwa na mke wa mchungaji, na mambo ninayoyafikiria sasa yasingeweza kusemwa mbele ya mke wa mchungaji, kwa hiyo hakuyapata, alikufa hajayapata. Hili la juzi limetoka kwangu likafika kwake, hapakuwa na mtu katikati. Acha niwe nalo.

Naandika hii jikoni. Yeye yuko upande wa pili wa meza na chupa ya sita kati ya zile arobaini, amesema ni chungu kuliko alivyotarajia, nikamwambia anywe, bia ya kweli ndivyo ilivyo. Nimemkataza kutazama karatasi hii. Anatazama dari. Shingo itamuuma, ni shauri yake.

Omba likizo juma la pili la Desemba. Njoo na gauni lisilo jeusi na viatu vya kawaida, si vile vya visigino, ngazi za ofisi ya msajili wa ndoa ni za mawe na mvua huzitelezesha. Na ule sasa, si ukifika.

Bibi yako,
Keziah Tolley, kwa sasa